Nilipokuwa Mama wa Baba

Harufu ya tumbaku ya kunusa haina haya. Juzi nilikuwa nikipanga nguo za baba yangu, ambaye siku hizi anaishi nami huku mtaa wa Fedha, Nairobi, nikakuta kikopo cha bati kimefichwa ndani ya soksi. Kilikuwa kitupu, tena kwa miaka mingi, lakini nilipofungua kifuniko tu nikapiga chafya. Baba hajawahi kunusa tumbaku. Ni mtu wa kanisa na chai ya maziwa. Kikopo kilikuwa cha mama yake. Harufu ile ilinirudisha mtaa wa Kaloleni, kwenye kizingiti cha nyumba yetu, mwanzoni mwa miaka ya themanini, wakati mimi, mtoto wa miaka kumi, nilikuwa mama wa baba yangu.

Msicheke kabla sijaeleza. Sisi ni Wakamba, na kwetu binti wa kwanza hupewa jina la mama yake baba. Nyanya yangu aliitwa Kalondu, nami nikaitwa Kalondu. Kwa sababu hiyo baba hakuniita kwa jina hata siku moja. Aliniita Mwaitu, yaani mama yangu, nami nilifundishwa tangu nikiwa mdogo kumwita mwanangu. Akirudi jioni kutoka karakana ya reli, ambako alikuwa karani wa stoo, nilimngoja mlangoni nimeshika kiuno. "Mwanangu, mbona umechelewa?" Naye alivua kofia akasema, "Nisamehe, Mwaitu, kazi ilikuwa nyingi." Majirani waliosikia walicheka mpaka wakazoea. Watoto wenzangu hawakuzoea. Nikipita na ndoo kwenda mferejini walikuwa wakiniita, "Sasa, mathe!" yaani mama kwa lugha ya mtaani, nami nilijifanya sisikii, ingawa moyoni nilikuwa nikivimba kama andazi.

Cheo hicho kilikuwa na faida zake. Kaka zangu walichapwa, mimi sikuchapwa. Baba alikuwa akiuliza, "Nani ampigaye mama yake?" Lakini mama yangu hakufungwa na sheria hiyo. Kwake nilikuwa mama mkwe, na mama mkwe huyo aliosha sufuria, akachambua mchele na kuvutwa sikio ilipobidi. "Mama mkwe," alikuwa akisema kwa heshima zote, "rudia hiyo sufuria, bado ina masizi."

Kisha Kalondu mwenyewe akaja.

Nyanya alikuwa akiishi peke yake huko kwetu Kangundo, Ukambani, tangu babu alipofariki. Siku moja aliteleza akitoka kisimani, akalala pale njiani na mguu uliotenguka tangu asubuhi hadi watoto walipotoka shule wakampata. Baba alikuwa mwanawe wa pekee. Habari ilipomfikia alikwenda kumchukua, na mguu ulipopona akatangaza kwamba nyanya harudi tena. Alisema neno hilo akiwa amesimama, kama mtu anayesoma matangazo kanisani. Alitaka kuwa mtoto mwema, na zaidi ya hapo aliogopa; nilimwona mara nyingine akimtazama mama yake akivuka uwanja kwa fimbo, midomo yake ikihesabu hatua.

Nyanya alipewa kitanda changu, nami nikalala chini kwenye mkeka, upande wa pili wa pazia. Asubuhi alikuwa akitoka kukaa kizingitini kuota jua na kunusa tumbaku yake, akiwatazama wanawake wakipanga foleni mferejini. Hakuna kilichomkasirisha pale, ila hakuna pia kilichomhitaji. Maji yalitoka ukutani, unga ulitoka dukani, na hata kuku wa jirani walilishwa na watu wengine. Siku moja aliwaambia wale wanawake kwa Kiswahili chake cha kubahatisha, "Mgeni siku mbili, siku ya tatu mpe jembe. Mimi nakaa hapa mwezi ngapi, jembe sijaona." Walicheka wote. Yeye hakucheka.

Alimwomba baba amrudishe kabla ya mvua, apande mbaazi na kunde. Baba alimjibu kwa upole, "Mama, kule nani atakuchotea maji?" Akaomba tena baada ya wiki chache, akapata jibu lile lile. Baada ya hapo hakuomba. Alianza kuacha chakula kwenye sahani, kwanza kidogo, kisha karibu chote, na mkono ulioshika kikopo cha tumbaku ukakonda nikiuona. Usiku nilimsikia akimwambia Mungu kwa Kikamba kwamba moto wa jiko lake umezimika, na kwamba hataki kufia katika nyumba ambayo mwenyewe ni halmashauri ya jiji.

Mchana, nikitoka shule, tulikuwa na mchezo wetu. Nilikaa kando yake kizingitini naye akaniuliza, "Wajina, sisi tunataka nini leo?" Mimi na yeye, alisema, ni mtu mmoja aliyegawanywa, akishiba mmoja ameshiba mwingine. Nilijibu tunataka uji. "Na nini tena?" Tunataka miwa. "Na nini tena?" Mwisho wa mchezo ulikuwa uleule kila siku: tunataka kwenda nyumbani. Nikilisema hilo alinipapasa kichwa, akafunga kikopo chake, na mchezo ukaisha.

Jumapili moja baada ya kanisa baba mdogo Kioko alikuja kutuona. Alikuwa binamu ya baba, amenunua nyumba mtaa wa Umoja, mtu wa sauti kubwa na tai pana, aliyependa kusifu. Alikuja na wazee wawili wa kanisa. Mama alipika chai na kukaanga mandazi, na kabla hajamimina aliniletea kigoda. "Mama mkwe, nenda ukae karibu na mwenzako," akasema. Nilishangaa, kwa sababu siku za wageni kazi yangu ilikuwa kupitisha vikombe.

Baba mdogo alimsifu baba kwa kirefu. Alisema mjini humu watu wamewasahau wazazi, lakini huyu ameonyesha mfano, na baraka zitamfuata yeye na watoto wake. Wazee wakaitikia. Baba alitazama sakafu kwa furaha ya haya. Nyanya alikuwa ameshika andazi ambalo hakulila. Kisha baba mdogo akanigeukia, maana mzaha wa jina langu ulimpendeza sana.

"Na wewe mama, si umefurahi kuja kukaa na mtoto wako Nairobi?"

Nilijibu nilivyozoea kujibu. "Mwanangu," nikamwambia baba, "nataka kwenda nyumbani."

Mama, aliyekuwa akimimina chai, aliinua birika na kulishikilia hewani. Baba mdogo alianza kucheka, akaona anacheka peke yake, akaacha. Baba hakunitazama mimi. Alimtazama nyanya, na nyanya alikuwa akilitazama andazi. Ndipo nilipoogopa. Nilidhani leo ndiyo siku nitakayochapwa.

Baba aliniuliza kwa sauti ya chini, kama anavyouliza mtu mzima, "Na ukienda nyumbani, Mwaitu, nani atakuchotea maji?"

"Si utatafuta mtu?" nikasema. "Kwani mtoto ni nani?"

Mzee mmoja alikohoa, akashindwa kujizuia, akacheka, na wote wakacheka, baba naye mwishoni. Nyanya akasema kwa Kikamba, taratibu, "Mama yako amesema. Mimi sijasema kitu." Kisha akalila lile andazi lote, akaomba jingine.

Kabla chai haijapoa mambo yalikuwa yamepangwa. Baba mdogo, aliyekwisha kusifu mno, hakuwa na pa kukimbilia. Binti yake Mwende alikuwa Kangundo, amemaliza darasa la saba, na alikuwa akilala katika nyumba ambayo ukipaza sauti inasikika kwa nyanya. Mwende ahamie kwa nyanya na kumchotea maji. Baba amlipie masomo ya ushonaji. Nyanya alirudi kabla ya mvua. Alipanda mbaazi zake, akaishi miaka kadhaa, akafa kitandani mwake, moto ukiwaka.

Nilikua nikijiona shujaa. Chuoni mhadhiri wetu alitufundisha kwamba familia ni taasisi, na ina kazi zake: hulea watoto, hutunza wazee, humpa kila mtu nafasi yake katika jamii. Niliandika yote, na likizo ilipofika nikamwambia mama, huku nikikumbusha ushujaa wangu wa Jumapili ile. Mama hakuacha kukata sukuma wiki.

"Ningesema mimi, ningeambiwa namfukuza mama mkwe. Angesema yeye mbele ya wageni, angemwaibisha mwanawe. Baba yako naye, angekubali vipi kwa hiari yake, na watu wameshamsifu?" Akanitazama. "Kwani kile kigoda kilijileta?"

Kumbe kila mtu mzima katika nyumba ile alikuwa na nafasi yake, na nafasi yenyewe ilikuwa imemfunga mdomo. Mtoto mwenye jina la mtu mwingine ndiye aliyebaki na ulimi, na wanawake wawili ambao sikuwahi kuwasikia wakipatana jambo walikuwa wamemweka mahali pake, mmoja kwa mchezo na mwingine kwa kigoda, bila kuambiana neno. Niliona uchungu kidogo kwamba ujasiri haukuwa wangu. Siku hizi naona fahari kwamba nilitumwa.

Baba alinikuta juzi na kile kikopo mkononi. Mama alikwisha kututoka, na baba anakaa nami orofa ya tatu, analetewa kila kitu, hata gazeti. Ninasifiwa sana kanisani kwa ajili yake. Alikichukua kikopo, akakinusa, akapiga chafya, akakaa ukingoni mwa kitanda.

"Mwaitu," akasema, "nataka kwenda nyumbani."

Nilifungua kinywa nimuulize nani atamchotea maji. Nikakifunga. Jioni nilimpigia Mwende simu huko Kangundo.