Lori la Harusi na Kamba Mbili

Harufu ya udongo mwekundu uliolowa mvua, ikichanganyika na petroli, hunirudisha hadi leo kwenye asubuhi ya ndoa ya dada yangu Bernadeta, huko mjini Élisabethville enzi za ukoloni, nilipokuwa msichana wa darasa la nne. Lori lililotubeba bibi harusi, shangazi zangu, mimi na magunia ya unga lilizama topeni kabla ya kufika kanisani. Padri alikuwa anaondoka siku ileile kuzuru vijiji. Tukimkosa, ndoa ingengoja mpaka baada ya Pasaka. Baba, mfanyakazi wa reli, alifunga kamba kwenye pembe ya mbele ya lori, akavuta na wenzake kuelekea kushoto, kwenye majani. Wajomba wa bwana harusi, waliokuja kutulaki, hawakukubali kushindwa: nao walifunga ya kwao pembe ya pili, wakavuta kulia. Watu waliongezeka huku na huku, mishipa ikawasimama shingoni, lori likatetemeka tu na kuturushia matope.

Ndipo akaja Kasongo, bwana harusi mwenyewe, mwalimu wa shule yetu, akikanyaga baiskeli huku amevaa suti yake nyeusi. Akaokota kijiti, akachora mishale miwili topeni.

“Baba, nguvu iko mingi,” akamwambia baba yangu kwa heshima, “lakini hawa banavuta huku, hawa kule. Zinauana. Gunia ya unga ukiiongeza ingine, iko mbili tu, hata uiweke wapi. Kuvuta haiko vile. Kuvuta iko na njia.”

“Mwalimu, leo haiko masomo, ni ndoa!” baba akajibu, na watu wakacheka.

Bernadeta akasimama juu ya lori, shela likipepea. “Baba, mumusikilize! Padri anaenda!”

Kicheko kikakatika. Baba akaitazama mishale, akaifungua kamba yake, akaifunga upande wa wakwe zake. Kwa mara ya kwanza nikawaona watu wa koo mbili wakipanga mstari mmoja. “Bote huku! Vuta!” Kasongo akapaza sauti. Lori likakohoa, likachomoka kwa kishindo, nasi tukaangukiana kwa shangwe. Tulimkuta padri mlangoni, mkoba begani, akaurudisha ndani.

Jumatatu Kasongo alitupa majina ubaoni: tungamo la unga ni skalari, lina ukubwa tu, nguvu ni vekta, ina ukubwa na mwelekeo. Siku hizi njia ile ina lami, na wajukuu wangu hukariri maneno hayo pasipo kukwama. Nawasikiliza kwa furaha, ila nawahurumia kidogo. Wao hupewa jina, kisha wakasubiri kuliona jambo. Sisi tulilishangilia jambo lenyewe, tumelowa tope hadi magotini, kabla hatujajua linaitwaje.