Kibali cha Bango la Mama Modesta

Barabara ya kwenda Ikoma iliponyooshwa, mgahawa wa Veneranda ulijikuta umeachwa nyuma. Zamani magari ya hoteli za porini yalipita karibu na mlango wake, hata vumbi likaingia kwenye vikombe vya chai. Sasa yalipita kwenye lami mpya, hatua mia tatu kutoka pale, ng'ambo ya mikaratusi, na dereva mgeni hakuwa na namna ya kujua kwamba huko nyuma kuna ugali wa moto na sato wa Musoma. Askari wa hifadhi waliomzoea waliendelea kuja kwa muda, kisha nao wakapungua. Kufikia Februari alikuwa anainjika sufuria moja badala ya tatu, na bado jioni kuku walishiba makombo.

Aliyempa wazo la bango ni Hamidu, fundi ambaye nusu ya maduka ya Mugumu yana maandishi ya mkono wake.

"Mama Modesta, shamba lako si linagusa lami? Simamisha bango pale pembeni, kubwa, mtu alione kabla ya kona," alisema. "Ila usisimamishe kienyeji. Watakuja kuling'oa. Anza na kibali."

Hamidu akamchorea mchoro wenye vipimo, naye Veneranda akaupeleka ofisi ya ardhi. Alipokelewa na afisa mmoja msichana, Shamsia, aliyejifunga mtandio wa kijani.

"Shikamoo mama. Kaa hapa," alisema Shamsia, akaupitia mchoro. "Huu uko sawa. Sasa nahitaji barua ya kijiji kwamba shamba ni lako. Halafu nitakuja mwenyewe kupima, tuone kama bango litakuwa nje ya hifadhi ya barabara, ule ukanda wa pembeni usiojengwa kitu."

"Shamba nimelilima miaka kumi na tisa, mwanangu. Nani asiyejua?"

"Najua mama. Lakini faili halijui."

Barua hiyo ndiyo iliyomsumbua. Mtendaji wa kijiji alimwambia aje Alhamisi. Alhamisi mhuri ulikuwa umefungiwa kabatini. Alhamisi iliyofuata mtendaji alikuwa kikaoni. Ya tatu alimtazama Veneranda kana kwamba anataka kusema jambo, kisha akasema wino umekwisha. Veneranda alidhani anatafuta chochote kitu, akamwachia kuku. Barua haikutoka.

Siku Shamsia alipokuja kupima, alizunguka ukingo wa shamba na kile kifaa chake cha mkononi, akasimama, akakitazama tena.

"Mama, Mseti ni nani kwako?"

"Shemeji yangu. Mdogo wa marehemu Joel, mume wangu."

"Eneo hili limeombewa hati ya kimila tangu mwaka juzi. Kwa jina lake."

Kesho yake ofisini Shamsia alimfungulia faili. Ndani mlikuwa na muhtasari wa kikao cha ukoo, wenye mhuri wa mtendaji. Watu saba walikubali kwamba shamba la marehemu Joel lirudi kwa mdogo wake, na mjane ameridhia. Mbele ya jina la Veneranda palikuwa na alama ya dole gumba, ya wino wa zambarau.

"Hiki ni kidole chako?"

Veneranda alilivuta faili karibu. "Mimi nilimaliza darasa la saba. Mwandiko wangu walimu waliubandika ukutani. Sijawahi kuweka dole gumba mahali popote."

Jioni hiyo alimkuta Mseti zizini akihesabu ng'ombe wakiingia. Hakukana.

"Shemeji, ulizaa wasichana wawili, na wote wameolewa. Ukifa, shamba linaenda kwa nani? Kwa wakwe zao?"

"Kwa hiyo ukaniwekea kidole?"

"Nilitaka mambo yaishe kimya. Kwani nani amekufukuza? Endelea kulima. Na kama shida ni bango tu, lete karatasi, nasaini kama mwenye ardhi. Wiki hii hii linasimama."

Mama mkwe wake, Bhoke, alikuwa amekaa mlangoni akichambua mtama. Alisema kwa Kikurya, bila kuinua macho, "Kubali, mwanangu. Usitupeleke ofisini."

Veneranda alitembea na fomu ya bango, yenye nafasi ya saini ya mwenye ardhi, siku tatu kwenye mkoba. Asingekuwa na njaa ya wateja, angeichana papo hapo. Lakini siku ya pili hakuingia mtu hata mmoja, akamwambia msaidizi wake abaki nyumbani mpaka atakapomwita. Siku ya tatu alipita kwa Hamidu. Bango lilikuwa tayari, limeegemea ukuta, samaki amechorwa akitoa moshi.

"Nikimsainisha yeye, ni kosa?" aliuliza.

Hamidu alifuta mikono taratibu. "Siwezi kukuamulia, mama. Ila siku hiyo utakuwa umeandika mwenyewe kwamba unakaa kwake."

Kutoka hapo alinunua karatasi mbili za mistari, akakaa kwenye benchi nje ya ofisi ya ardhi, akaandika pingamizi. Shamsia alilisoma lote.

"Unajua ombi la bango litasimama mpaka hili liishe? Linaweza kuchukua mwaka."

"Najua. Gonga mhuri, uandike na tarehe."

Lilichukua miezi kumi na moja. Mara tatu baraza la kata liliahirisha. Watu wa ukoo waliacha kumsalimia kisimani. Siku ya kusikilizwa, mzee mmoja wa baraza alisoma majina ya waliohudhuria kile kikao, akafika kwa Konstantino, akalirudia jina hilo.

"Huyu Konstantino ni yule fundi baiskeli?"

"Ndiye," akajibu Mseti.

"Mimi nilibeba jeneza lake. Alikufa miezi minne kabla ya tarehe hii."

Mtendaji aliomba kutoka nje, akakataliwa. Mwezi uliofuata ombi la hati lilifutwa, na Veneranda akaambiwa aanze ombi la bango upya, kwa sababu fomu za mwanzo zilikuwa zimepitwa na muda. Alizijaza zote mwenyewe, kwa mwandiko ule ule uliolala vizuri. Kibali kilitoka ndani ya wiki tatu.

Bango likasimama, na magari yakaanza kukata kona. Msaidizi wake alirudi, sufuria zikawa mbili. Binti yake Modesta alipiga simu kutoka Tarime akicheka, akisema mama yake sasa ni tajiri.

"Bibi yako hali chakula changu," Veneranda alimjibu.

Tangu Joel afariki, kila asubuhi alimpelekea Bhoke uji wa ulezi. Siku hizi uji bado unakwenda. Saa nne bakuli linarudi limefunikwa vilevile, uji umeganda juu, na Veneranda anaumwaga nyuma ya jiko kabla wateja hawajaona.