Karugendo na Josho la Halmashauri

Mzee Anatory Karugendo alikuwa jirani yangu hapa Izigo tangu nilipoolewa. Migomba yake na yetu iligusana, kwa hiyo ninayoyasema sikuhadithiwa. Alikuwa mtu mwema. Alikuwa pia mtu wa kukubali kila kitu mbele ya mkubwa, na jambo hilo lilinichoma roho tangu mwanzo.

Simlaumu sana. Baba yake alikuwa mtwarwa, yaani alilima kibanja cha migomba kilichokuwa cha bwana mwingine. Mtwarwa haendi kwa bwana wake mikono mitupu. Anabeba kibuyu cha pombe yetu ya rubisi na mkungu wa ndizi, anapiga magoti, na akiulizwa lolote anajibu ndiyo. Hapana moja ingeweza kumwondoa kwenye kibanja, akayaacha humo makaburi ya wazee wake. Karugendo alikulia katika maisha hayo. Uhuru ukaja, machifu wakaondolewa, lakini ulimi wake haukupata habari.

Basi mwaka 1966 akaja bwana mifugo, kijana wa Dodoma, ametumwa na halmashauri ya wilaya kutoka Bukoba. Kupe walikuwa wanamaliza ng'ombe wetu, na upande wetu ulikuwa umepangiwa josho moja. Kijana yule alifanya jambo la haki kabisa. Aliita mkutano, akasema wananchi wana haki ya kuamua josho lichimbwe wapi, kisha akaonyesha mahali alipopafikiria yeye, kwenye mteremko ulio juu ya chemchemi, kwa kuwa barabara iko karibu. Akauliza, "Mnaonaje?"

Wanaume wetu walimletea mkungu na kibuyu cha rubisi. Karugendo, ambaye alikuwa balozi wa nyumba kumi, akasimama kwa niaba ya wote. "Ulivyoona wewe, waitu, bwana wetu, ndivyo tulivyoona na sisi," akasema, na wenzake wakapiga makofi. Mtu wa kwetu angejua kwamba jibu la namna hiyo ni heshima tu, na kwamba mazungumzo yenyewe yataanza baadaye, polepole, kwa kumtuma mtu. Kijana wa watu alisikia ndiyo, akarudi mjini na ndiyo yake.

Sisi wanawake hatukuwapo. Tulikuwa tunapalilia, na hakuna aliyekumbuka kutuita. Asiyekuwapo na lake halipo. Jioni, Theopista, mke wa Karugendo, alitua mtungi wake wa maji akamwuliza mumewe mbele yangu, "Baba Jovita, hayo maji ya josho yenye dawa ya kupe, yakimwagwa yanateremkia wapi?"

Chemchemi ile ndiyo iliyokuwa inatunywesha sote wa mteremko huu. Nyingine iko chini bondeni kabisa, na kuipanda njia ile na mtungi kichwani ni kuvunjika kiuno. Niliona uso wake unabadilika alipoelewa kwamba maji ya watoto wetu yametolewa na mdomo wake. Nilimkasirikia, na nilimwonea huruma pia.

Kesho yake alikwenda kwa Lameki, diwani wetu, mwalimu mstaafu wa shule ya Walutheri, mtu mkavu asiye na maneno mengi.

"Lakini mzee, mlikubali," Lameki akamwambia.

"Tulikubali kwa adabu."

"Na mimi kule Bukoba nitasema nini? Kwamba watu wangu wakisema ndiyo wanamaanisha hapana?" Lameki akafikiri kidogo. "Wiki ijayo kuna kikao. Mwananchi yeyote anaruhusiwa kuingia kusikiliza. Njoo, nitaomba upewe nafasi. Lakini utasema wewe, kwa sababu ndiye uliyekubali."

Siku ya kikao nami nilikuwa nakwenda Bilele, pale Bukoba mjini, kumwona dada yangu aliyejifungua, tukapanda basi moja. Karugendo alikuwa amepakata kibuyu cha rubisi. Nilipomwambia kwamba mjini watakiita hongo, alikasirika kweli.

"Nitaingiaje kwa wakubwa mikono mitupu, Immakulata? Aendaye hivyo kwa watu ni mchawi. Mimi ni mchawi?"

"Ingia na mdomo," nikamwambia. "Ndio unaodaiwa."

Tukakiacha kibuyu Bilele, shemeji yangu akakishughulikia bila kuombwa. Mimi, kwa udadisi wangu, nikamfuata Karugendo hadi ukumbini nikaketi benchi la nyuma. Lameki aliomba, mwenyekiti akaruhusu, na Karugendo akaenda mbele akapiga magoti sakafuni. Madiwani wengine wakacheka. Nikaona aibu mpaka masikio yakawaka.

"Inuka, mzee," mwenyekiti akasema. "Humu hatupigiwi magoti. Sema ukiwa umesimama."

Akainuka. "Niliulizwa, nikasema ndiyo," akaanza. "Nilisema hivyo kwa sababu ndivyo nilivyofundishwa kumjibu mkubwa. Moyoni nilikuwa sijakubali, wala sikuwa nimefikiri. Josho likikaa pale, tutakunywa dawa. Naomba kusema hapana."

Diwani mmoja akanung'unika kwamba serikali si mchezo wa watoto, leo ndiyo kesho hapana. Mwenyekiti akamnyamazisha. "Haki ya kukataa mnayo," akasema, "ingawa mngekataa mlipoulizwa mngetupunguzia kazi. Lakini hapana peke yake haiogeshi ng'ombe. Saruji imeshanunuliwa. Mnatoa mahali gani pengine?"

Nadhani ile hapana ilimlevya kuliko rubisi. Ilikuwa ya kwanza maishani mwake, na hakuna aliyemfukuza. Akanyoosha kifua akasema, "Upande wa pili wa kilima, kwenye majani ya rweya. Maji ya kule yanakwenda kwenye nyasi, hakuna nyumba wala kisima. Nina shamba langu pale, msiri. Nautoa."

Ukumbi ukapiga makofi. Mimi nilibaki mdomo wazi. Kila mtu wa kwetu anajua kwamba kibanja ni cha mwanamume, lakini msiri kule kwenye majani ni jasho la mwanamke. Ule ulikuwa wa Theopista, ameulima kwa jembe lake, na njugu mawe zilikuwa zimeshatoa maua.

Theopista alipoambiwa hakupiga kelele. Alisema, "Halmashauri ilikuuliza, ukaidanganya. Mimi hukuniuliza kabisa." Kisha akaendelea kumenya ndizi. Karugendo akaketi uani hadi jua likazama, na chakula kilipoiva alikula kidogo mno.

Bwana mifugo alipokuja kupima kule msirini, wanawake wote tulikuwapo, hata wagonjwa. Akauliza kama mara ya kwanza, "Mnaonaje?" Watu wakamgeukia Karugendo.

"Mwulizeni Theopista," akasema. "Niliwapa kitu ambacho si changu."

Wanaume wakaguna. Mume kusema hivyo mbele ya wageni, kwetu, ni kama kuvua nguo. Theopista hakumtazama. Alichukua mtungi akaumwaga kwenye mteremko, akasimama kuangalia maji yanaelekea wapi. Akamwuliza kijana maji machafu ya josho yatatolewa kila baada ya muda gani, na ni nani atakayejenga ukuta wa kuzuia maji ya mvua yasiingie joshoni. Akajibiwa. Ukuta ungejengwa na sisi wenyewe, wanaume na wanawake, na hakuna aliyebisha.

"Nimekubali," akasema. "Lakini si leo. Njugu zangu hazijakomaa."

"Mama, mpango unasema mwezi huu."

"Umeniuliza naonaje. Ndivyo ninavyoona."

Kijana akamtazama Lameki, Lameki akatazama viatu vyake, na vipimo vikarudishwa kwenye gari. Saruji ikalala barazani kwa diwani. Kupe wakaendelea kula. Ndama mmoja wa Karugendo mwenyewe akafa, akamzika, na halmashauri nzima ya wilaya ikasubiri njugu za Theopista zikomae. Karugendo akawa anakwenda naye kule msirini, kazi ambayo wanaume wetu hawaigusi, akipalilia kana kwamba jembe litaziharakisha. Watu walimcheka sana. Hakujali, na kila asubuhi kabla ya kuinamisha mgongo alimwuliza mkewe aanzie wapi.