Mbuzi Wawili wa Gachoka

Baba yangu amechinja maisha yake yote, na hajawahi kuwapenda wanyama wala kuwachukia. Ana bucha Meru mjini aliyoachiwa na baba yake, na tangu nimjue ametaka vitu viwili tu: friji isiyozimazima, na mtu wa kumwambia kwao ni wapi. Friji tulimnunulia.

Hilo la pili lilikuwa gumu. Babu alitoka Gachoka, kule Mbeere, akiwa kijana, akafika Meru, akapata kazi kwa mchinjaji mmoja Mwislamu, akasilimu, akaoa, akafa. Hayo ndiyo yote tuliyoambiwa. Kwao hakuwa akienda, na ukimuuliza sababu alikutuma dukani. Sisi watoto tulizoea kulijibu swali la kabila kwa kumtazama kwanza anayeuliza. Mama naye anataja makabila manne, kisha anakuuliza wewe unataka lipi.

Baba hakulichukulia kwa mzaha. Alipokwenda kubadilisha kitambulisho, karani aliyekuwa rika la wajukuu zake aliitazama kofia yake ya kushonwa, akamuuliza, "Mzee, lakini kwenu original ni wapi?" Baba akasema Gachoka. "Na huko nani anakujua?" Baba alirudi nyumbani na swali hilo, akakaa nalo wiki nzima, mpaka akaanza kukosea mizani. Alikosea kwa faida ya wateja, kwa hiyo hakuna aliyelalamika isipokuwa mama.

"Nataka mtu mmoja tu wa kule aseme huyu ni wetu," aliniambia. "Kabla sijafa."

Alikuwa na miaka sabini na nne. 

Aliyetusaidia ni mwalimu mmoja wa Kaaga, mteja wetu wa matumbo kila Jumamosi, ambaye kwao ni Gachoka. Aliulizia, akaja na habari kwamba dada mdogo wa babu bado yuko hai, na boma sasa linashikiliwa na binamu yake baba, mkulima na mzee wa kanisa. Nikapewa namba. Mimi ndiye ninayefanya kazi ofisini, na nyumbani kwetu hilo limefanya kila jambo linalohitaji simu kuwa langu.

Nilimweleza binamu kila kitu. Nilimwambia tutakuwa watatu, mama ana goti bovu hawezi kukalia kigoda, baba hanywi soda nyekundu, na tutarudi siku hiyo hiyo. Sikumwambia kwamba sisi ni Waislamu. Nimejiuliza mara nyingi niliwezaje kusahau jambo hilo nikakumbuka soda, na jibu ni kwamba sikulisahau. Halikunijia kabisa. Meru mjini hata mzee wa kanisa hununua nyama iliyochinjwa na Mwislamu na haulizi. Tumekuwa wenye kisu muda mrefu hivi kwamba haikunipitia akilini kuwa mahali fulani kisu kinaweza kuwa mkononi mwa mwingine.

Niliendesha gari mwenyewe. Baba alikaa mbele akiwa amevaa koti na kofia mpya yenye ukingo, kama wanazovaa wazee wa sehemu hizo. Ile ya kushonwa aliikunja akaitia mfukoni. Mama alikaa nyuma na buibui lake na maoni yake. Kutoka Nkubu hadi Chuka baba alikadiria uzito wa kila mbuzi aliyesimama kando ya barabara. Tulipopita Embu mjini na kuanza kuteremkia ukavuni, migomba ikaisha, vikaja vichaka na mashamba ya muguka, ile miraa ya huko, naye akaacha kukadiria. Alitazama kila kichuguu kwa makini, akijitahidi kukumbuka mahali ambapo hajawahi kufika.

"Kwa hivyo hii ndiyo nchi ya mababu," alisema mama. "Inahitaji mvua."

Walikuwa watu wengi kuliko tulivyotarajia, wote wamevaa nguo za Jumapili na ilikuwa Alhamisi. Tuliketishwa kwenye viti vilivyotandikwa vitambaa vya kufuma. Binamu alimshika baba mkono kwa mikono miwili, akamtazama mama na buibui lake, akanitazama mimi na mtandio wangu, kisha akageuka kuutazama moshi uliokuwa ukipanda nyuma ya nyumba. Niliuona mtazamo ule na sikuuelewa. Akatuombea sala ndefu iliyotaja hadi magurudumu ya gari.

Yule dada wa babu, shangazi yake baba, alikuwa ameketi peke yake karibu na ghala. Ni bikizee mdogo wa mwili, hana jino hata moja. Baba alikwenda kumsalimia. Bikizee alimtazama tu, hakuitikia chochote, na baba akarudi kwenye kiti chake cha mgeni akiwa amenywea.

Kisha nyama ikaletwa, sinia zima, na binamu akasimama kuieleza.

"Huyu hatukukata na kisu," alisema kwa fahari. "Tulimziba pumzi, vile wazee walikuwa wanafanya. Damu yote iko ndani. Mbuzi ya heshima kabisa."

Baba alikuwa ameshajua. Aliiona rangi ya ile nyama sinia likiwa bado mlangoni. Niliona jasho likimtoka chini ya ile kofia mpya, nami nikatamani ardhi ya mababu ipasuke inimeze, kwa kuwa kosa lilikuwa langu.

"Sema una gout," nilimnong'oneza.

 Uongo huo ungetosha kabisa. Nusu ya wazee waliokuwa pale walikuwa na gout, ule ugonjwa wa viungo unaokataza nyama, wangemhurumia, wangempa viazi na mambo yangeisha.

"Sikuja hapa kudanganya," alisema, akasimama. "Ndugu zangu, nimeona heshima mliyonipa, na nawashukuru. Lakini nyama hii siwezi kula. Mimi ni Mwislamu, na baba yangu alikuwa Mwislamu. Mnyama asiyechinjwa sisi hatuli. Mnisamehe."

 Hata watoto waliacha kutafuna.

"Hii mbuzi ni ya kukuingiza kwa boma," binamu alisema mwishowe. Hakukasirika, na hilo ndilo lililoniuma zaidi. "Ukikataa, sasa tutasema aje? Tutasema umekuja ukatuambia wewe si wa hapa."

 Nimemwona baba yangu akifiwa na nimemwona akiibiwa, lakini sijawahi kumwona vile. Alianza kutafuta bakora yake ili tuondoke.

"Keti," alisema yule shangazi.

Alisema kwa Kimbeere, polepole, nasi kwa Kimeru chetu tuliweza kumfuata.

"Baba yako alirudi hapa mara moja. Nilikuwa msichana wa kuchota maji. Alikuja na nguo nzuri na sukari, na mama yetu akafurahi, akatoa mbuzi, na baba yetu akamnyonga. Yeye akasema yale maneno yako. Hayo hayo. Mama akalia. Baba yetu akamwambia mtu anayekataa nyama ya mama yake arudi kwa hao waliomfundisha. Akaondoka na jua hilo. Mimi nilimfuata hadi barabarani, sikumwambia kitu. Siku hiyo hakuna mtu aliyefikiria kumletea mbuzi mwingine. Mbuzi walikuwa wengi."

Nilimtazama baba. Maisha yake yote alidhani baba yake aliwaacha watu hawa.

"Fungueni yule wangu mweupe," bikizee aliwaambia vijana. "Na msimguse. Atachinja huyu."

"Lakini tata, mgeni hachinji," alisema binamu.

"Ndiyo maana nimesema achinje."

Baba alivua koti. Akaitoa ile kofia ya kushonwa, akaivaa, akaomba kisu, akakijaribu kwenye ukucha na kukirudisha kikanolewe. Huo nao ulikuwa utovu wa adabu, lakini hakuna aliyethubutu kusema. Kisha akauliza kaskazini ni wapi. Kutoka pale kibla iko kulia kidogo kwa Mlima Kenya, na wazee walipomwona akimlaza mbuzi na kumgeuza upande huo, walidhani anauelekea Mlima, kama mababu walivyofanya wakiomba, wakatikisa vichwa kwa kuridhika. Mama alinikanyaga mguu nisiwasahihishe.

Alifanya kazi yake kwa muda usiozidi wa kawaida. Binamu alishika miguu ya nyuma. Kwenye kuchuna walianza kubishana, binamu akisema ngozi inaanziwa hapa, baba akisema hapana, inaanziwa hapa, na kufikia mbavu walikuwa wakikemeana kama watu waliolelewa pamoja. Yule mbuzi wa kwanza aliliwa na majirani, hawakubakisha kitu.

Ini la mbuzi mweupe lilichomwa kwanza. Baba akalikata vipande vidogo sana, akampelekea shangazi yake kwenye kisahani, akapiga goti mbele yake na magoti yake hayo ya miaka sabini na nne. Watu wote walikuwa wakitazama. Bikizee alichukua kipande, akakigeuza huku na huku, akakitia mdomoni. Hana meno, kwa hiyo tulingoja sana.

"Kumbe ni nyama tu," alisema.

Akachukua kipande cha pili, na machozi yakaanza kumtoka.