Pole za Udiwani

Wiki iliyopita niliona kandambili za wanawake zimejaa mlangoni kwetu Tandale, nikakumbuka mchana ule baba aliposhindwa udiwani.

Nyumba ilikuwa bado inanuka uji wa ngano tuliobandikia picha zake mtaani. Mie nilidhani mtu akishabandikwa ukutani ndiyo keshakuwa diwani. Basi majirani walipoingia kimya, wamejitanda khanga, wakaketi mkekani wakimwambia mama, "Pole, mama Rehema," nilijua ni msiba. Nikaanza kulia.

"Kafa nani?"

Baba akatoka chumbani, macho yamemwiva, akanibeba. "Hajafa mtu, mwanangu. Ni kura tu."

Wanawake wakacheka. Yeye hakucheka, wala hakurudi tena kijiweni kucheza bao. Sasa najua kwamba baadhi ya waliotupa pole siku ile hawakumpigia kura.

Wiki iliyopita walikuja wale wale, wamezeeka, wakaketi mkekani. "Pole, Rehema," wakaniambia. Nikawa nautazama mlango wa chumbani, namsubiri baba atoke aseme hajafa mtu.