Bi Nakala na Mkanda wa Mdogo Wangu

Siku ya kwanza nilimchukia Bi Nakala, simfichi mtu. Mdogo wangu kafia mahabusu, tumekwenda kituoni kuchukua vitu vyake, roho inatuuma, na mama huyu wa msaada wa sheria kamganda askari wa kaunta: "Afande, hiyo fomu ya vitu vya marehemu aliyosaini dada huyu, naomba nakala."

"Mashine mbovu, mama."

"Basi tutaisubiri ipone." Akavuta benchi, akatoa sweta lake, akaanza kufuma. Saa tatu nzima, mpaka nakala ikatoka!

"We mama una kichwa kigumu," nikamwambia.

"Ndicho kinachonilisha, mwanangu."

Miaka kumi na tisa alikuwa mpiga chapa mahakamani, akaona kesi ngapi zinakufa kwa sababu faili limeota miguu. Alipostaafu akaanza kusaidia familia kama yetu, bure. Wanamtania kwamba hata siku ya ndoa aliomba nakala ya cheti kabla mumewe hajaweka kalamu chini.

Polisi walisema mdogo wangu kajinyonga. Mtaani wakaanza kunong'ona, mama akawa hatoki nje. Alitaka jambo moja tu: mahakama itamke kwamba mwanawe hakujiua.

Siku ya kusikilizwa, mkuu wa zamu akaapa, uso mkavu: marehemu alijinyonga kwa mkanda wake. Bi Nakala akamvuta wakili wetu koti, akampa ile karatasi.

"Afande," wakili akauliza, "hapa mmeandika mkanda mmoja mweusi, umepokelewa kaunta siku ya kukamatwa, umefungiwa stoo, umekabidhiwa kwa dada yake. Sasa alijinyonga na upi?"

"Fomu hiyo... ilipotea."

"Ya kwenu. Ya kwetu ipo."

Afande akaomba maji. Weee! Nilitamani nicheze palepale.

Daktari alishaeleza mbavu zilizovunjika. Hakimu akasoma: hakujiua, alipigwa mpaka akafa, na waliompiga washtakiwe. Mama akapiga ukelele. Karani akafoka, "Kimya!" Hakimu akamwambia amwache.

Nami nikamkumbatia Bi Nakala, nikamwomba radhi huku nalia.

Tuliporudi mtaani mama hakuingia ndani. Akabisha hodi mlango hadi mlango: "Mwanangu hakujiua. Mahakama imesema." Miguu ilishamvimba, nikamsihi apumzike.

"Bado nyumba nne," akasema.