Marijani Katika Bakuli la Ndimu

Mume wangu alikuwa seremala wa mgodini pale Mpanda, miaka ile ya hamsini walipokuwa wakichimba madini ya risasi. Kazi yake ilikuwa kuchonga magogo ya kushikilia paa la shimo lisiwaangukie watu walioko chini. Alikuwa na mikono mipana yenye makovu ya msumeno, na harufu ya mninga haikumtoka hata siku za mapumziko.

Mimi nilitoka Karema, ziwani. Mama yangu hakuipenda ndoa yetu. Hakugombana na mtu, alisema tu kwamba Mpanda ni mbali na hakuna maji ya kutazama. Alitaka niolewe na mmoja wa wafanyabiashara wa kule kwetu, ambao aliwajua mama zao. Hata hivyo, siku ninaondoka alinipa mapambo aliyorithi kwa mama yake wa Ujiji: bangili za fedha, herini, na mkufu wa shanga za marijani, nyekundu kama pilipili iliyoiva, zilizopishana na vipande vya fedha. Alivifunga kwenye kitambaa, akavitia ndani ya kopo la biskuti.

"Usipikie navyo, usioge navyo, usilale navyo," aliniambia. "Na Idd isikukute navyo vikiwa vyeusi."

Nilifanya hivyo. Kila Idd ilipokaribia nilichekecha majivu, nikakamua ndimu, nikakaa uani kusugua mpaka fedha ing'ae. Mume wangu alikuwa akipita na mbao zake, anasimama kidogo, anatabasamu, anaendelea na safari yake. Hakuwahi kuuliza nafanya nini wala kwa nini.

Katika mwaka wetu wa pili, mwezi wa Ramadhani, niliungua. Nilikuwa nakaanga maandazi ya kufuturu, karai likateleza kwenye mafiga, nami bila kufikiri nikalidaka. Mafuta yakanimwagikia mikono yote miwili. Jirani alisikia nilivyolia akanikimbiza zahanati ya mgodini, na dresa akanipaka dawa na kunifunga bandeji kutoka vidoleni mpaka karibu na viwiko. Nikarudi nyumbani nikiwa na mikono kama vifurushi viwili vya pamba.

Tangu siku hiyo mume wangu alifanya yote. Alinipikia uji, akaupuliza, akaninywesha kwa kijiko. Aliniogesha huku amegeuza uso pembeni, kana kwamba hatujaoana. Alinifunga kanga kama mtu anayefunga mzigo kwenye baiskeli, na nilipomwambia siwezi kupumua alifungua, akaomba radhi, akafunga tena vilevile. Nilicheka hadi bandeji zikaniuma.

Idd ilipokaribia, akalileta kopo la biskuti akaliweka mbele yangu.

"Vimeshaanza weusi," alisema. "Unavisafishaje?"

"Majivu na ndimu," nikamjibu. Nilidhani anauliza habari za bangili tu.

"Basi na Idd hii utavaa."

"Bangili zitapita wapi na mikono hii?"

"Masikio hayakuungua," alisema. "Wala shingo."

Kesho yake jirani alinipeleka kubadilishiwa bandeji. Niliporudi nilimkuta mume wangu ameketi uani, mikono imejaa majivu, anatabasamu mpaka meno ya mwisho. Bangili na herini zilikuwa juu ya kitambaa, zinawaka. Nikaona bakuli pembeni yake. Ndani yake, katika maji ya ndimu, ulikuwa mkufu mzima, na shanga zake zilikuwa zinatoa vipovu vidogo vidogo.

"Toa!" nilipiga kelele. "Toa haraka!"

Alitumbukiza mkono akautoa. Alikuwa ameuloweka tangu asubuhi ili vile vipande vya fedha vilivyo katikati ya shanga vitakate bila kusuguliwa. Fedha ilikuwa imetakata kweli. Lakini marijani yalikuwa yamekufa. Ule wekundu wenye mng'ao ulikuwa umeondoka, zimebaki shanga za rangi ya ufizi, kavu, zinakwaruza ukizigusa. Mimi sikuweza hata kuzigusa. Niliinama nikazisikia kwa midomo.

Nikalia. Sikumlaumu, lakini nililia mbele yake, na nadhani hilo lilimuumiza zaidi ya lawama. Kisha akasema kwa sauti ndogo, "Nina msasa laini sana. Ule wa kumalizia meza..."

"Usithubutu!"

Siku ya Idd alinivalisha herini. Ilimchukua muda kuona matundu, na pumzi yake ilikuwa shingoni kwangu. Shingo yenyewe ilikuwa tupu. Wageni walikuja wakala, hakuna aliyeuliza.

Baada ya sikukuu akaomba ruhusa kwa msimamizi wake, akamwomba jirani anitazame, akapanda lori linalokwenda Karema kuchukua dagaa. Aliniambia tu kwamba anakwenda kumuuliza mwenye ujuzi. Sikumzuia, ingawa nilijua mwenye ujuzi ni nani, na nilijua jinsi jambo hilo lilivyomwia gumu. Kwao Ukonongo mwanaume hamtazami mama mkwe usoni, hakai naye mkeka mmoja, wala hamsemeshi ana kwa ana. Sasa alikuwa anakwenda kumwambia kwamba ameharibu urithi wa mama yake.

Baadaye mama alinihadithia. Alisema mkwe wake alisimama nje ya uzio, akamtuma jirani wa pale Karema aingie aseme maneno yote: mke wangu ameungua mikono, na mimi nimeunguza marijani, naomba nifundishwe. Mama alisikia la kwanza tu. Aliacha samaki jikoni, akachukua kanga na kibuyu kidogo cha mafuta ya karanga, akatoka. Walirudi na lori lilelile, mama amekaa mbele kwa dereva, yeye juu ya magunia ya dagaa, jua lote la njiani likiwa lake.

Mama aliingia ndani, hakuuliza mkufu. "Nionyeshe," alisema. Nikamnyooshea mikono. Akaipakata yote miwili mapajani pake, akainamisha kichwa, akaipulizia juu ya bandeji, kama alivyokuwa akifanya nilipojikwaa utotoni. Nilihisi kitambaa kinalowa.

Siku iliyofuata ndipo akaomba aone shanga. Alizigeuzageuza kwenye mwanga, akapitisha kidole gumba. Alikaa mkekani, mimi katikati, na mume wangu kizingitini akiwa ametupa mgongo.

"Mwambie mwenzio," mama alianza, "fedha ni ngumu, marijani ni laini. Vinavaliwa pamoja ila havioshwi pamoja."

"Amesikia, mama."

"Mwambie hata hivyo."

Nikageuka. "Unaambiwa fedha ni ngumu, marijani ni laini."

"Mwambie mama nimesikia," alijibu kuelekea uani.

Tukaendelea hivyo. Mwambie ndimu isiguse marijani hata tone. Mwambie shanga zinafutwa kwa kitambaa kikavu kila zinapovuliwa, kwa sababu jasho nalo linazila. Mwambie hizi zilizoumia zisuguliwe moja moja kwa kitambaa chenye unyevu na majivu laini kama unga, taratibu, halafu mafuta kidogo sana. Mume wangu alisugua. Jioni baada ya kazi alikaa pale kizingitini, shanga moja kwa siku, na mama alipokea kila moja kwa kupitia kwangu, juu ya bandeji, akaitazama, akairudisha au akaiweka.

Uzi nao ulikuwa umelegea kwa kulowekwa, kwa hiyo ilibidi mkufu utungwe upya, na fundo kati ya shanga na shanga ili zisisuguane. Macho ya mama yalikuwa hayaoni tena tundu dogo kiasi kile. Mikono yangu ilikuwa bado. Akabaki mume wangu. Alijikunja juu ya uzi, ulimi umebana kwenye kona ya mdomo, na vile vidole vyake vinene vikawa vinahangaika. Mama alikuwa anachungulia juu ya bega langu.

"La, mwanangu, si hivyo!" alisema ghafla. "Vuta kwanza ndipo ufunge!"

Mume wangu aligeuka bila kukusudia, wakatazamana. Mama alijiziba mdomo kwa kanga. Kisha mabega yake yakaanza kutikisika, nikajua anacheka. Mume wangu akainama haraka, lakini alivuta kwanza, ndipo akafunga. Fundo likakaa vizuri.

"Ndiyo," mama alisema. "Hivyo hivyo."

Hakutumia tena mdomo wangu kwa habari za mkufu. Kwa mambo mengine yote, chakula, maji ya kuoga, salamu za asubuhi, waliendelea kunipitia mimi.

Marijani hayakurudi kama zamani. Yalipata wekundu mpole, bila ule mng'ao wa kioo, na shanga mbili karibu na kifungo zilibaki na ukungu. Mama alikaa nasi hadi bandeji zilipofunguliwa. Ngozi mpya ya mikononi ilikuwa nyembamba, ya waridi, inavuta. Mume wangu alinipaka sabuni kwenye viganja, akanivisha bangili moja, akasimama kuniuliza kama inauma, akanivisha ya pili. Siku ya kuondoka mama alipanda lori, na kabla halijawaka alisema bila kumtazama mtu yeyote, "Nyie mkae salama."

Mvua za masika zilipokwisha, dereva wa dagaa alitushushia kifurushi kilichofungwa kwa kipande cha kanga kuukuu. Ndani zilikuwamo pete za mama na vikuku vyake vya fedha, vyeusi kama masizi.

"Mama yako anasema apewe fundi wake," dereva alisema.

Nilimwonyesha mume wangu alipotoka kazini. Alivitazama kwa muda. Akaenda kunawa mikono kwa sabuni, akainusa, akanawa tena, kisha akaniomba nimtafutie kitambaa laini.